Ruta ya Pili Katika Nyumba ya Kuta Nene



Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa na watu ambao hawakuwa na habari ya mawimbi ya redio. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zenye unene wa nusu mita na pengine zaidi, ili joto libaki nje na kelele za vichochoroni zisiwafikie waliolala. Upana wa kila chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu, na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vilitoka vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja na ukuta wake kamili. Anayetaka kujua kwa nini simu yake inapokea mtandao vizuri ukumbini, kisha akipiga hatua sita ndani inaukosa kabisa, na ahesabu kuta. Sisi tumezihesabu. Kutoka ilipo ruta ya nyumba yetu, ukumbini karibu na mlango mkuu, hadi chumba cha Mama kilichoko ghorofani upande wa nyuma, ziko kuta tatu na sakafu moja.

Tunasema "sisi" kwa sababu jambo tunalolisimulia lilikuwa la watu wawili, mume na mke, wala fikra zake hazikutoka katika kichwa kimoja. Mmoja wetu ni katibu wa kamati ya msikiti, kazi iliyomzoesha kuandika mihtasari ya vikao, na huenda msomaji akaiona tabia hiyo humu. Mwingine ndiye mwenye mkono mwepesi wa vyombo vya umeme. Hatutataja nani ni nani kila mara, kwani mara nyingi hata sisi hatukumbuki nani alianza kusema lipi.

Waifai ya majumbani kwa kawaida husafiri katika mikondo miwili. Upo ule wa gigahezi 2.4, ambao kasi yake ni ndogo lakini hupenya zaidi. Na upo wa gigahezi 5, wenye kasi kubwa lakini unaochoka mapema, na ukuta mmoja mnene waweza kuumaliza. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na chokaa hunywa unyevu. Maji ni adui wa mawimbi haya, hivyo ukuta uliolowa wakati wa masika huzuia zaidi kuliko ukuta uleule wakati wa kiangazi. Kabati la chuma, tangi la maji, hata kioo kirefu cha kabati la nguo, kwa kuwa nyuma yake kimepakwa madini, vyote huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote tulifanya lile lisilo na gharama: tuliitoa ruta nyuma ya televisheni, tukaiinua juu ya kabati la mbao, antena zake zikasimama wima. Ukumbi ulinufaika. Chumba cha watoto, ghorofani upande wa mbele, kilipata kijimstari kimoja ambacho hakifungui hata picha. Chumba cha Mama hakikupata kitu.

Ni lazima tuseme kwamba kwa miaka mitatu hali hiyo haikutuudhi hata kidogo. Tuliipenda. Mtandao ukiwa ukumbini tu, anayeutaka huja kukaa ukumbini, mahali ambapo mama hupita na sinia, baba hupita akienda swala, na mgeni huingia bila taarifa ndefu. Tuna watoto watatu, mkubwa ana miaka 14, wa kati 11, na kitinda mimba 6. Hatukuwahi kuandika kanuni ya matumizi ya simu wala kuibandika mlangoni, kama tunavyoona familia nyingine zikifanya. Mawe ya wazee waliotutangulia yalitufanyia kazi hiyo bila mshahara. Mtoto akijificha na simu chumbani, simu yenyewe ilimrudisha.

Lakini ukuta haujui nani wa kumzuia na nani wa kumpisha.

Mama ni mzazi wa mmoja wetu na mkwe wa mwingine, ingawa kwa miaka kumi na mitano tuliyokaa naye hakuna aliyeisikia tofauti hiyo katika sauti yake. Binti yake wa mwisho ameolewa Uingereza. Tofauti ya saa kati yetu na kule ni mbili wakati wa joto lao na tatu wakati wa baridi, hivyo binti akitoka kazini na kufika kwake saa moja ya jioni, hapa ni saa tatu au saa nne usiku. Saa hiyo Mama alitakiwa ateremke ngazi, na ngazi za nyumba hizi, wanaozijua wanazijua: nyembamba, zimesimama, kila kipandio na kimo chake. Akifika chini, hukuta ukumbi umejaa. Mmoja anasoma, mwingine anatazama taarifa ya habari, jirani amekuja kuazima ngazi ya kubandikia taa. Mama huketi kwenye kiti chake, simu huwekwa mbele yake, na uso wa binti hutokea.

Tuligundua kwamba majibu yake yalikuwa mafupi mno. "Alhamdulillah, mwanangu, sote wazima." "Watoto hawa hapa, wanakusalimu." Na kila binti aliposogeza uso karibu na kushusha sauti, Mama alijibu neno moja tu: "Tutazungumza." Neno hilo tulilisikia kwa miezi mingi. Halikuwa na mahali pa kutimia. Baadaye akaanza kutoteremka. Alisema ni magoti, na magoti kweli yalikuwa yakimsumbua, lakini kwa duka la mbele aliteremka kila asubuhi kununua mandazi.

Msomaji atauliza kwa nini tusimnunulie kifurushi cha simu akaacha habari za ruta. Tulinunua. Ukuta unaozuia waifai huzuia pia mawimbi ya minara ya simu, na chumba kile kinatazama uwani, si barabarani. Picha ilikuwa ikiganda, sauti ikikatika katikati ya neno, na kifurushi kilichotakiwa kitoshe wiki kiliisha kwa mazungumzo mawili ya kuonana. Mazungumzo ya sauti peke yake hayakumtosheleza. Mama husoma uso zaidi ya anavyosikiliza maneno.

Ndipo tukaanza kuzungumzia ruta ya pili, na ndipo tulipotofautiana.

Mmoja wetu alisema kwamba Mama ana haki ya kuzungumza na mwanawe bila hadhira, na kwamba mtu mzima aliyelea watoto sita haombi ruhusa ya faragha katika nyumba aliyoolewa ndani yake. Mwingine alijibu kwamba hakuna anayeipinga haki hiyo, ila mtandao ukifika ghorofani umefika vyumbani kwa watoto, na ghorofani hakuna anayepita na sinia. "Unamfungulia Mama dirisha," alisema, "na dirisha hilohilo linafunguka kitandani kwa mtoto wa miaka kumi na minne saa saba ya usiku." Maneno hayo hayakuwa ya chumvi. Katika vikao vya wazazi wa madrasa yetu, suala linalotajwa mara nyingi zaidi kuliko ada ni simu usiku. Wazazi hawaji kulalamika kuhusu wanachokijua. Huja kwa sababu mtoto hulala asubuhi darasani na hawajui alikuwa wapi usiku, ilhali alikuwa kitandani.

Tulilala na mjadala huo karibu wiki mbili. Kilichotusogeza ni kukumbushana jambo tulilolisoma chuoni miaka ile, kwamba Surat An-Nuur katika aya ya 58 imeweka nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumba hawaingii kwa wakubwa wao bila kuomba idhini: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Isha. Faragha ndani ya nyumba si jambo la kuletwa na meli. Ina nyakati zake na ina mlango wake. Swali letu likabadilika. Hatukuulizana tena kama mtandao ufike ghorofani. Tuliulizana iwapo unaweza kufika chumba kimoja na usifike kingine.

Kwenye kabati la ofisi ya msikiti ipo ruta kongwe iliyostaafishwa madrasa ilipopata mpya. Ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alisema katibu aichukue tu, kwani hakuna anayeitumia. Hatukuigusa. Kifaa cha msikiti kilichokaa kabatini bado ni cha msikiti, na katibu akianza kubeba vyombo, kesho ataandika nini kwenye daftari la mali? Tulinunua yetu, iliyotumika, kwa shilingi 45,000, yenye antena mbili, matundu manne ya waya na mikondo yote miwili ya mawimbi.

Ilikuwapo njia nyepesi, na tunaitaja kwa sababu wengi huishia hapo. Zinauzwa ripita, vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye soketi ya umeme, ambavyo hupokea mawimbi ya ruta ya kwanza na kuyarusha mbele. Katika nyumba ya kuta nyepesi hufaa. Lakini ripita hairushi ila ilichokipokea. Ukiiweka chumbani kwa Mama, ambako hakuna mawimbi, haina cha kurusha. Ukiiweka ngazini, ambako mawimbi ni dhaifu, hurusha udhaifu. Tena zile za bei nafuu hupokea na kurusha kwa mkondo mmoja, hivyo hulazimika kungojana na nafsi zao, na kasi hushuka hadi nusu. Zaidi ya hayo, ripita hueneza mtandao kila upande, ambalo ndilo hasa tulilokuwa tukilikwepa.

Tulichagua waya. Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne, na waweza kubeba taarifa hadi mita 100 bila kudhoofika. Njia yetu, tulipoipima kwa kamba ya kuanikia nguo, ilikuwa mita 28. Kazi ilikuwa ukutani. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na nyumba hizi haziguswi uso wake wa nje kiholela. Hata ndani, mwenye nyumba mwenye busara hachimbi. Chokaa ya zamani haitoboki kama saruji. Huporomoka bonge zima, na ulichodhani ni tundu la kidole huwa pango. Fundi aliyekuja na drili alilitazama jiwe, akaligonga kwa vifundo vya vidole, akairudisha drili kwenye mfuko. "Nyumba hii," alisema, "imeshatobolewa na wengine. Tutafute walipotoboa." Akapata kando ya ngazi njia ya zamani ya nyaya za umeme ambazo hazifanyi kazi tena, na waya wetu ukapanda humo. Alikwepa kuulaza sambamba na waya wa umeme unaotumika, akieleza kuwa huleta mtafaruku wa mawimbi na pia si salama. Sehemu iliyobaki aliipitisha juu ya fremu za milango, akaibana kwa vibanio vidogo, na chokaa ilipopakwa juu yake haikuonekana tena.

Mipangilio ndiyo iliyotuchukua jioni nzima, na tutaieleza kidogo kwa faida ya atakayejaribu.

Ruta ni chombo chenye kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kazi moja ni kurusha mawimbi. Nyingine ni kuwa mlinzi wa lango: kugawa namba, yaani anwani, kwa kila simu na kompyuta inayoingia, na kuzipitisha kwenda intaneti. Nyumba yenye malango mawili, moja ndani ya jingine, hufanya kazi, lakini vyombo vya lango la ndani havionekani kwa vyombo vya lango la nje, na baadhi ya mazungumzo ya kuonana hukwama baina yao. Kwa hiyo ruta ya pili inavuliwa ulinzi wa lango na kuachiwa kazi ya kurusha mawimbi peke yake. Waya unaotoka ruta ya kwanza usichomekwe kwenye lile tundu la pekee lililoandikwa WAN. Uchomekwe katika mojawapo ya yale manne yaliyoandikwa LAN. Kabla ya hapo, ruta ya pili iunganishwe na kompyuta peke yake, ufungue ukurasa wake wa mipangilio, na uzime kazi inayoitwa DHCP, ambayo ndiyo ugawaji wa anwani. Nyumba haiwezi kuwa na makarani wawili wanaogawa namba kwa watu walewale. Watampa mtu wa kwanza na wa pili namba moja.

Na ruta yenyewe nayo ina anwani. Nyingi hutoka kiwandani na 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Zetu zote mbili zilikuwa na ile ya kwanza, nazo zikikutana hivyo hakuna inayojibu. Ya pili tuliipa 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha kwamba ile ya ukumbini inaanza kugawa namba zake kwenye 100 kwenda juu, wasije wakagongana. Neno la siri la kufungulia mipangilio, ambalo kwa kawaida huja likiwa "admin", tulilibadilisha siku ileile, kwani kila mtoto wa skuli analijua.

Lilipofika suala la jina la mtandao mpya, tulipanda juu kumuuliza mwenyewe.

"Mama, mtandao wako tuuiteje?"

"Una jina?" aliuliza.

"Kila mmoja una jina lake, Mama. Jina hilo huonekana kwenye simu ya kila anayepita karibu."

Akafikiri. "Basi andikeni Hodi."

Ukaitwa Hodi. Una neno lake la siri, tofauti na la ukumbini.

Lakini neno la siri halikutosha, nasi tulilijua hilo kabla hatujaliandika. Siku hizi simu nyingi zinaweza kuonyesha msimbo wa QR, ule mraba wa vidoadoa. Simu nyingine ikiupiga picha, inaingia kwenye mtandao bila kuambiwa neno lolote. Na simu ya Mama hushikwa na wajukuu wote. Ndio wanaomtafutia darsa anazozipenda, ndio wanaomsomea ujumbe wenye herufi ndogo, na namba yake ya kufungulia simu wanaijua kuliko yeye. Tungeweza kuiandikisha simu yake peke yake katika orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, lakini kitambulisho cha kifaa huigizwa na mwenye ujuzi mdogo tu. Tungeweza kuuzima mtandao kwa saa usiku, kama ruta nyingi zinavyoruhusu, lakini usiku ndio wakati wa binti kupiga simu.

Ndipo mmoja wetu, yule ambaye wiki mbili nzima alikuwa akilia na kuta, alipoukumbuka unene wake kwa upande mwingine.

Katika mipangilio ya ruta ipo sehemu ya nguvu za kurusha, kwa kawaida daraja tatu: juu, kati na chini. Watu hawaigusi, au huipandisha hadi mwisho wakidhani ndiyo faida. Sisi tuliishusha kabisa. Kisha tukauzima mkondo wa gigahezi 2.4, ule unaopenya, tukabakiza wa gigahezi 5 peke yake, ule ambao ukuta mmoja unaweza kuumaliza. Simu ya Mama, tuliyokwisha kuikagua, inaupokea mkondo huo. Ruta tukaiweka juu ya kabati lake, upande wa mbali na mlango.

Kijana wetu mkubwa ndiye aliyetumwa kupima. Hatukumficha maana ya kipimo, naye alikifanya kwa uaminifu uliotufurahisha, ijapokuwa kwa uso wa mtu anayepima kaburi la uhuru wake. Alipewa simu iliyokwisha kuingizwa katika Hodi, akaanza kutembea. Kitandani kwa Bibi: mistari yote. Mlangoni: miwili. Kwenye baraza ya ghorofani: mmoja, unaokuja na kwenda. Kwenye ngazi: hakuna. Chumbani kwao, penye ukuta mmoja mnene na kabati la chuma katikati, alizunguka kila pembe, akapanda juu ya kitanda, akainyoosha mkono dirishani. Hakuna. "Hata kidogo," alitangaza, na mdogo wake wa miaka sita, asiyejua kinachoendelea, akapiga makofi.

Dirisha la Mama, tukubali, halikuzuilika. Mbao na uwazi si matumbawe, na mawimbi yaliyonyimwa ukuta hutokea dirishani na kushuka uwani. Binti wa jirani alituuliza siku ya tatu ni nani aliyeupa mtandao jina la kubisha mlango. Neno la siri hakuliomba, nasi hatukumpa.

Tuliongeza kinga moja upande wa ukumbini. Kila tovuti ina jina, na majina hayo hutafsiriwa kuwa namba na kitu mfano wa kitabu cha anwani. Ruta nyingi hukuruhusu uchague kitabu kipi kitumike. Yapo ya bure yanayokataa kutafsiri majina ya tovuti za uchafu. Sisi tumeweka 1.1.1.3, la Cloudflare. Kwa kuwa ruta ya ukumbini ndiyo pekee inayogawa anwani, chaguo hilo limefika hadi Hodi bila kazi ya ziada. Hatumdanganyi msomaji: kinga hii hurukwa na programu za VPN, na kijana mwenye shilingi za kifurushi hana haja ya kuiruka, atapita kwenye simu yake moja kwa moja. Inazuia yanayojitokeza bila kutafutwa. Yanayotafutwa yana dawa nyingine, na haiuzwi dukani kwa fundi wa simu.

Usiku wa kwanza binti alipiga simu saa nne. Sisi tulikuwa ukumbini. Tulisikia simu ikilia juu, tukasikia salamu ndefu ya Mama, kisha tukasikia kitu ambacho hatukuwa tumekisikia miezi ile yote: mlango wake ukifungwa. Mazungumzo yalikwenda saa moja na robo. Kilichosemwa hatukijui. Asubuhi Mama aliteremka kwenda kununua mandazi, macho yake yamevimba kidogo, akatusalimia kwa uchangamfu kuliko kawaida. Mmoja wetu alitaka kuuliza. Mwingine alimkanyaga mguu chini ya meza.

Tangu hapo wanazungumza mara mbili au tatu kwa wiki. Mwezi uliofuata Mama alituita juu, akatuambia kwamba huenda binti akarudi na watoto wake, kwa muda au kwa kudumu, na akatutaka tusafishe chumba cha uwani. Tumekisafisha. Hatukuambiwa sababu, nasi tumeona kwamba tukihitajika kuijua tutaambiwa. Mwenzake wa ndoa aliye huko ana wazee wake na ana wakili wake, na mambo hayo yana watu wa kuyasimamia kabla ya kutufikia sisi tulio mbali.

Chumba hicho cha uwani, tulipokipima kwa simu, hakina mtandao wowote. Mkono mwepesi wa vyombo vya umeme umeshauliza kama ruta ya pili, yenye matundu matatu yaliyobaki wazi, haiwezi kuteremsha waya mwingine hadi uwani. Inaweza. Uwani ni mita 12 tu kutoka dirishani, na wageni wetu watakuwa na wazee wao wa kuzungumza nao upande wa pili. Tunangoja masika yapite.

Kijana wetu naye amepata njia yake. Mwezi wa pili wa Hodi alikwenda kwa bibi yake kuomba ruhusa ya kufanyia kazi za skuli chumbani kwake, ambako mtandao una kasi kuliko ukumbini. Mama alimkubalia kwa masharti: aketi kwenye mkeka upande wa dirisha, amsomee ujumbe wa simu kila jioni bila kuruka maneno, na mlango ubaki wazi. Sasa huwa humo baada ya Isha, daftari miguuni, na Mama anavuta tasbihi kitandani. Simu kutoka Uingereza ikilia, kijana hukusanya vitabu vyake bila kuambiwa, hutoka, na huufunga mlango nyuma yake.